Cheti cha Kakao na Jirani Asiyeandikwa

1. Utangulizi

Katika maduka ya Ulaya karatasi nyingi za chokoleti huwa na alama ndogo: pengine ni chura wa kijani, pengine ni umbo la mtu aliyeinua mkono. Alama hiyo humwahidi mnunuzi kwamba kakao iliyotumika ililimwa kwa namna ya kuhifadhi ardhi na misitu, na kwamba mkulima na watoto wake hawakuonewa. Nyuma ya alama kuna cheti. Nyuma ya cheti kuna ukaguzi. Na nyuma ya ukaguzi kuna kijiji, ambamo mna mwenye shamba, mke wake, kibarua, na mara nyingi mtoto mwenye panga mkononi. Makala hii inakusudia kueleza jinsi vyeti hivyo vinavyofanya kazi, na hasa yale ambayo vimeyafanya katika maisha ya jamii za wakulima wa Ghana na Kodivaa, nchi mbili ambazo kwa miaka mingi zimetoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili la biashara lina nafasi gani katika jarida la theolojia? Twajibu kwa sababu tatu. Kwanza, kanisa limehusika na habari hii tangu mwanzo wake, kama tutakavyoona. Pili, kakao si zao la ugenini kwetu. Katika Kyela na Rungwe, mkoani Mbeya, ambako Walutheri na Wamoraviani walianza kuhubiri Injili mwaka 1891, waumini wengi hulima kakao, na sehemu ya kakao hiyo imekuwa ikiuzwa nje ikiwa na cheti cha kilimo hai. Tatu, cheti ni ushuhuda. Ni neno linalosemwa juu ya jirani mbele ya watu wasiomwona. Na Amri ya Nane yatuhusu sote.

2. Historia kwa ufupi

Wamisionari wa Basel walijaribu kuotesha kakao huko Akropong, nchini Ghana, katika miaka ya 1850, wala hawakufanikiwa sana. Aliyefanikiwa ni Tetteh Quarshie, fundi wa chuma, ambaye mwaka 1879 alileta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po na kuzipanda Mampong-Akuapem. Wakulima wadogo wakaieneza wenyewe, hata ilipofika mwaka 1911 nchi yao ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Kodivaa ilichukua nafasi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970.

Tangu zamani wakulima hao walitambua kwamba wingi wa mavuno si sawa na wingi wa haki. Katika msimu wa 1937/38 wakulima wa Ghana walikataa kuuza kakao yao, kwa kuwa makampuni ya wanunuzi wa Kizungu yalikuwa yamepatana kuiweka bei chini. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba hoja ya haki katika biashara hii ilibuniwa na wanunuzi wa Ulaya. Ilianza kwa mkulima mwenyewe.

Mfumo wa vyeti tunaoujua leo ulianza katika zao jingine. Mwaka 1988 Frans van der Hoff, padre Mholanzi aliyeishi miongoni mwa wakulima wa kahawa wa Meksiko, pamoja na Nico Roozen wa Solidaridad, shirika lililotokana na makanisa ya Uholanzi, walianzisha alama ya Max Havelaar. Kusudi lao lilikuwa kwamba mkulima auze kahawa yake kwa bei ya haki badala ya kupewa sadaka. Kutoka mbegu hiyo ulikua mfumo wa Fairtrade. Baadaye zilikuja alama nyingine, zilizotazama zaidi hifadhi ya mazingira na ubora wa kilimo: Rainforest Alliance na UTZ, ambazo ziliungana mwaka 2018.

3. Cheti hupatikanaje?

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya leo hata kilicho chema hakina budi kutembezwa na hati mkononi, maana mlaji na mkulima hawaonani. Hati hiyo hutolewa kwa kufuata kitabu cha masharti: mkulima asifyeke msitu, asitumie dawa zilizokatazwa, asimtumikishe mtoto, atunze kumbukumbu za mauzo, na kadhalika.

Mkulima mwenye hekta mbili au tatu hawezi kumlipa mkaguzi peke yake. Hivyo cheti hutolewa kwa kikundi, ambacho mara nyingi ni chama cha ushirika au wakulima walioandikishwa na mnunuzi. Kikundi huwa na daftari la wanachama na wakaguzi wake wa ndani, ambao hutembelea kila shamba. Kisha huja mkaguzi wa nje, naye hukagua sehemu tu ya wanachama. Kipimo kilichozoeleka ni kipeuo cha pili cha idadi yao. Penye wakulima 400, basi, wakulima 20 huwasimamia wote, na kosa la mmoja laweza kukigharimu kikundi kizima cheti chake.

Yapo mambo mawili ambayo mlaji huyajua kwa nadra. La kwanza ni kwamba katika kakao masharti huruhusu kuchanganya. Kiwanda kikinunua tani 100 zenye cheti kinaweza kuzichanganya na nyingine, mradi kisiuze kwa alama zaidi ya kiasi kinacholingana na zile 100. Kwa hiyo alama iliyo juu ya karatasi hushuhudia hesabu, wala si lazima ishuhudie punje zilizomo ndani. La pili ni udogo wa nyongeza. Mwaka 2019 Fairtrade ilipandisha bei yake ya chini kuwa dola 2,400 kwa tani, pamoja na nyongeza ya dola 240 ambayo hulipwa kwa chama, na wanachama huamua mkutanoni itumikeje. Rainforest Alliance, ambayo haina bei ya chini, iliweka kuanzia mwaka 2022 nyongeza isiyopungua dola 70 kwa tani, ambayo ni ya mkulima. Mkulima auzaye tani moja na nusu, na yote ikanunuliwa kwa cheti, angepata hivyo dola 105 kwa mwaka mzima. Si haba kwa mtu mwenye ada ya shule ya kulipa. Lakini haimtoi katika umaskini.

4. Mema yaliyopatikana

Tusiwe wepesi wa kubeza. Mwaka 1993 wakulima wa Ghana walianzisha chama cha Kuapa Kokoo, jina ambalo kwa Kitwi humaanisha mkulima mwema wa kakao. Shida yao kubwa ya siku zile ilikuwa mizani. Karani wa mnunuzi alipima apendavyo, na mkulima hakuwa na la kusema. Chama kiliweka mizani mikononi mwa wanachama, wakachagua wapimaji wao wenyewe. Kwa kuuza kwa Fairtrade kilipata nyongeza ambayo ilichimba visima, ikajenga shule na kununua mashine za kusaga. Mwaka 1998 kikaingia ubia katika kampuni ya chokoleti iliyoanzishwa Uingereza. Asomaye Mambo ya Walawi 19:35-36 hawezi kupita juu ya habari hii ya mizani bila kushukuru.

Yapo mema mengine ya namna hiyo. Mafunzo ya kupogoa miti na ya kutumia dawa kwa uangalifu yamelinda afya za watu. Vyama vilivyotakiwa kuitisha mikutano na kusoma hesabu hadharani vimewazoeza wanachama kuwahoji viongozi wao. Wanawake wameingia katika kamati ambazo zamani hawakuitwa. Kwa sehemu nyingi, faida kubwa ya cheti imekuwa watu kuwa na chama chao wenyewe, hata pale ambapo fedha ilikuwa kidogo.

5. Wale ambao cheti hakiwaoni

Hata hivyo daftari la kikundi huandika jina la mwanachama na shamba lake, na katika vijiji vya kakao mwanachama si peke yake shambani. Tutaje wanne.

Wa kwanza ni mkulima wa mgawo. Nchini Ghana mwenye ardhi mara nyingi hukabidhi shamba kwa mtu mwingine, aghalabu mgeni aliyehamia kutoka mbali. Katika mapatano ya abusa mtunzaji hupata theluthi ya mavuno. Katika abunu hugawana nusu kwa nusu. Yeye ndiye apogoaye, apaliliaye na kuvuna kwa kufuata masharti ya cheti. Lakini jina lililomo daftarini laweza kuwa la mwenye ardhi, na nyongeza humfuata mwenye jina. Huyu hufanya kazi mpya juu ya kazi ya zamani, na tuzo humwendea mwingine.

Wa pili ni mke. Kuvundika punje kwenye majani ya migomba, kuzianika, kuzigeuza juani, kuteka maji ya kuchanganya dawa: kazi hizi kwa sehemu kubwa ni za wanawake, na ubora unaosifiwa katika chokoleti hutoka mikononi mwao. Ardhi, hata hivyo, mara nyingi ni ya mume au ya ukoo. Kwa desturi ya Waakan, ambao urithi wao hufuata upande wa mama, mjane angeweza kuona shamba alilolilima na mumewe likichukuliwa na mpwa wa marehemu. Ghana ilitunga sheria ya mirathi mwaka 1985 ili kumlinda mjane na watoto, lakini sheria ni jambo moja na baraza la ukoo ni jambo jingine. Cheti huuliza shamba ni la nani. Hakiulizi lilikuaje lake.

Wa tatu ni kibarua. Eva-Marie Meemken na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti juu ya vyama vya kakao vya Kodivaa. Waliona kwamba watu walioajiriwa na vyama vyenyewe walifaidika na Fairtrade, ilhali vibarua katika mashamba ya wanachama hawakufaidika vivyo hivyo. Sababu yaeleweka: ofisi ya chama hukaguliwa kwa urahisi, lakini mapatano ya mkulima na kibarua wake hufanyika chini ya mti, kwa mdomo.

Wa nne ni mtoto. Mwaka 2001 makampuni ya chokoleti yalitia sahihi mkataba nchini Marekani wa kukomesha utumikishwaji mbaya wa watoto ifikapo 2005. Tarehe hiyo ikasogezwa mbele tena na tena. Ripoti ya kituo cha NORC cha Chuo Kikuu cha Chicago, iliyotolewa mwaka 2020, ilikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa katika kazi hizo katika maeneo ya kakao ya Ghana na Kodivaa, na wengi wao katika kazi za hatari: panga, mizigo mizito, dawa za sumu. Wengi hufanya kazi hizo katika mashamba ya jamaa zao wenyewe. Hapa tupambanue. Mtoto kumsaidia mzazi baada ya shule kwa kazi inayolingana na umri wake ni malezi, na hakuna mzee wa kwetu aliyekua bila hayo. Mtoto kupasua maganda kwa panga siku ambayo wenzake wako darasani ni jambo jingine. Mzazi atendaye hivyo mara nyingi hana fedha za kumlipa kibarua. Umaskini ndio huweka panga katika mkono ule.

6. Siku ya mkaguzi

Tuchukue mfano. Mkaguzi amepangiwa kufika Jumanne. Kijiji chajua. Mzee wa kanisa, ambaye pia ni mweka hazina wa chama, ana mpwa wa miaka 12 anayeishi kwake na kufanya kazi shambani. Siku hiyo mtoto atumwa kwa ndugu katika kijiji cha pili. Mkaguzi auliza, majirani watazama chini. Cheti chapatikana, na kisima kitachimbwa. Jumapili mtoto yuko katika shule ya Jumapili, na kidole chake kimefungwa kitambaa. Mchungaji afanye nini?

Twasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa namna hii huwafunza wenyeji kuficha ugonjwa. Adhabu inapomwangukia kila mtu kwa kosa la mmoja, ukweli huwa adui wa jirani, na ukimya huonekana kuwa upendo. Hili ni tokeo la kijamii ambalo halimo katika hesabu yoyote, nalo lamhusu mchungaji kuliko mtu mwingine. Ni haki kueleza kwamba wenye vyeti wenyewe waliliona. Katika masharti yake mapya ya mwaka 2020 Rainforest Alliance iliacha kutegemea katazo na adhabu tupu, ikavitaka vikundi vichunguze hatari, viikiri na kuonyesha vinavyoirekebisha. Katika lugha yetu, ni hatua ya kutoka hukumu kwenda ungamo lenye matengenezo. Lakini ungamo halistawi ila pale ambapo anayeungama ana hakika hataangamizwa.

7. Tafakari ya kitheolojia

Msomaji Mlutheri hawezi kusoma habari za cheti kinachotuliza dhamiri ya mnunuzi bila kukumbuka hati za msamaha wa dhambi za mwaka 1517. Kufanana kupo: mtu hulipa kidogo, hupewa karatasi, naye hurudi nyumbani na amani ambayo haikumgharimu toba. Lakini tuwe waangalifu. Hati zile hazikumletea jirani kitu, ilhali cheti hiki chaweza kumletea kisima. Katika zile hoja 95 Luther alifundisha kwamba kumsaidia maskini ni bora kuliko kununua hati. Swali letu basi liwe lile lile: je, ni kiasi gani kinachomfikia maskini?

Katika Katekisimo Kubwa, akieleza Amri ya Saba, Luther hakumtafuta mwizi gizani tu. Alimwona sokoni, kwenye mizani na vipimo vya uongo, na alimwona mkubwa aketiye kitini kwa heshima huku akiwanyang'anya watu. Katika andiko lake la mwaka 1524 juu ya biashara alikataa kanuni ya mfanyabiashara kuuza ghali kadiri awezavyo. Alitaka bei ipimwe kwa taabu, gharama na hatari ya kazi, na ujira wa kibarua wa siku uwe kipimo cha kulinganisha. Hoja ya siku hizi ya kipato cha kutosha kuishi si mbali na hapo. Ghana na Kodivaa ziliijaribu hoja hiyo zilipotangaza mwaka 2019 kwamba kila tani iongezewe dola 400 kwa ajili ya mkulima, kuanzia msimu wa 2020/21.

Mwaka 2024 ulituonyesha jinsi mambo yalivyo. Mvua mbaya, miti mizee na ugonjwa wa virusi vilipunguza mavuno, na bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani. Kodivaa ilimpandishia mkulima bei mwezi Aprili kutoka faranga 1,000 hadi 1,500 kwa kilo, yaani takriban dola 2,500 kwa tani, kwa kuwa sehemu kubwa ya zao ilikuwa imeuzwa mapema kwa bei ya zamani. Mbele ya pengo kama hilo nyongeza ya dola 70 ni tone. Hatusemi tone lidharauliwe. Twasema lisiitwe mto.

Tena Maandiko huanzia mahali ambapo daftari huishia. Torati humtaja kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, na kuagiza ujira wake ulipwe kabla ya jua kuchwa (Kum. 24:14-15). Humtaja mgeni, yatima na mjane wanapovunwa mashamba (Kum. 24:19-21). Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji hulia, na kilio hicho kimefika kwa Bwana (Yak. 5:4). Hao ndio hasa wale wanne tuliowataja.

8. Wajibu wa mchungaji

Kutokana na hayo twapendekeza mambo manne. Kwanza, mchungaji ajifunze mapatano ya kazi ya mtaa wake: nani analima shamba la nani, na kwa mgawo gani. Bila elimu hiyo mahubiri juu ya haki hupita juu ya vichwa. Pili, akialikwa katika kamati ya chama, aulize kila mara swali moja: nyongeza hii inamfikiaje asiye na jina daftarini? Chama chaweza kuamua kwa kura kwamba mkulima wa mgawo apate sehemu yake, na kwamba mke aandikwe pamoja na mume.

Tatu, juu ya mtoto, asianze kwa kushtaki wala kwa kunyamaza. Amwendee mzazi kwanza kwa faragha, kama Bwana alivyoagiza (Mt. 18:15), lakini asiende mikono mitupu. Ghana wanayo desturi ya nnoboa, kusaidiana kazi za shamba kwa zamu, kama sisi tunavyojua ujima. Usharika unaoweza kujenga kanisa kwa nguvu za waumini waweza pia kumvunia mjane kakao yake ili mwanawe abaki shuleni. Mtoto aliye katika hatari ya kweli hana budi kulindwa mara moja, hata kama cheti kitapotea. Maana kisima kilichochimbwa kwa kidole cha mtoto hakina maji safi.

Nne, asibariki alama kana kwamba ni sakramenti, wala asiilaani. Ni chombo cha kidunia, cha utawala wa mkono wa kushoto, na hupimwa kwa matunda yake. Jambo hili litazidi uzito, kwa kuwa Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kukataa kakao ya mashamba yaliyofyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Ingawa utekelezaji wake uliahirishwa zaidi ya mara moja, shamba lisilo na ramani litakuwa taabani, na mkulima asiyeandikwa atakuwa taabani kuliko hilo.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba cheti cha kakao kilizaliwa kwa nia njema, ambayo kanisa lilikuwa na sehemu ndani yake. Kwamba kimejenga vyama, visima na mizani ya haki. Na kwamba kimemwacha nje yule ambaye hana ardhi, hana jina wala sauti. Katekisimo yatufundisha kumnenea jirani mema. Neno jema la kwanza ni kukiri kwamba yupo. Mkaguzi huja mara moja kwa mwaka akiwa na daftari. Mchungaji yuko kijijini mwaka mzima, naye amembatiza yule mtoto kwa jina lake.